Mbotela na Zama Zake: Kutoka Uyao hadi Freretown

Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichochapishwa London mwaka 1934 na Sheldon Press, ni simulizi la mwana juu ya baba yake. Mbotela baba alikuwa Myao. Alitekwa angali mtoto, akapelekwa pwani, akapakiwa jahazini, na jahazi hilo likakamatwa na manowari ya Kiingereza. Makazi yake ya mwisho yakawa Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichojengwa upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ukiyahesabu matukio yenyewe, ni habari fupi. Kinachoirefusha ni mambo yaliyoizunguka: biashara ya Kilwa, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mikataba ya masultani na Waingereza, na ugomvi wa wamisheni na wenye watumwa wa Mombasa. Mtoto yule hakuwa na habari ya hata moja katika hayo, na hayo ndiyo yaliyompangia maisha.

Nchi ya Wayao ilikuwa mashariki ya Ziwa Nyasa, katika mabonde ya mito Ruvuma na Lujenda, ambako leo mipaka ya Tanzania, Msumbiji na Malawi inakutana. Wayao walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu tangu zamani. Walipeleka pembe za ndovu, tumbaku na majembe pwani, wakarudi na vitambaa, shanga, chumvi, na baadaye bunduki na baruti. Katika karne ya 19 watu nao wakawa bidhaa katika misafara hiyohiyo. Machifu wakubwa kama Mataka, ambaye David Livingstone alifika mji wake wa Mwembe mwaka 1866, walipata nguvu kwa sababu waliweza kuwapa wafuasi wao bunduki na nguo, na bunduki na nguo zilinunuliwa kwa pembe na kwa watu. Kwa hiyo Wayao walikuwa wauzaji na walikuwa wauzwa. Wazao wa watumwa hawapendi sana kulisikia jambo hili, lakini bila hilo haieleweki jinsi mtoto wa Kiyao alivyoweza kuuzwa na watu waliosema lugha yake.

Njia za kuingia utumwani zilikuwa nyingi. Uvamizi wa Wangoni kuanzia miaka ya 1840 uliwatawanya watu, na mtu aliyekosa ukoo wa kumtetea aliuzika kwa urahisi. Vita kati ya machifu viliacha mateka. Njaa iliwafanya watu wawaweke watoto wao rehani. Kisa kilichohifadhiwa vizuri kuliko vyote ni cha Swema, msichana wa Kiyao ambaye habari zake ziliandikwa na wamisheni wa Kikatoliki wa Unguja katika miaka ya 1860. Mama yake alikopa nafaka kwa jirani, akashindwa kulipa, na Swema akachukuliwa na kuuzwa kwa ajili ya deni hilo. Mama aliufuata msafara asitengane na mwanawe, mpaka nguvu zikamwishia njiani. Swema alifika Unguja mahututi, akadhaniwa amekufa, akafukiwa katika kaburi la juujuu. Akafukuliwa angali hai na kupelekwa kwa masista, na baadaye akawa sista mwenyewe. Kisa chake kinaonyesha kwamba safari ya kwenda Kilwa haikuanza kwa bunduki kila mara. Ilitosha vipimo vichache vya mtama.

Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya watu waliotoka upande wa Ziwa Nyasa. Safari ya miguu kutoka ziwani ilichukua wiki nyingi, watu wazima wakiwa wamefungwa makongwa shingoni, watoto mara nyingi wakitembea bila kufungwa kwa sababu hawakuwa na pa kukimbilia. Makadirio ya wanahistoria kwa miaka ya 1860 hufikia watu 20,000 hivi waliosafirishwa kwa mwaka, wengi wao wakipitia Kilwa. Sehemu kubwa ilibaki pwani na visiwani. Karafuu za Unguja na Pemba zilihitaji mikono mingi wakati wa kuchuma, na kaskazini, Malindi iliyokuwa ikifufuka ilihitaji watu wa kulima mtama na ufuta. Wengine walipelekwa Uarabuni na Ghuba.

Jambo ambalo familia nyingi hulipita bila kulitazama ni tarehe. Mtoto aliyepakiwa jahazini Kilwa mwaka 1865 na aliyepakiwa mwaka 1875 waliona bahari ileile na mateso yaleyale, lakini mbele ya sheria walikuwa watu wawili tofauti. Mkataba wa 1822 kati ya Waingereza na Sultani Sayyid Said ulikataza kuwauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Ule wa 1845, ulioanza kutumika 1847, ulizuia kuwapeleka nje ya milki ya sultani katika Afrika, ila uliacha wazi bahari kati ya Kilwa na Lamu. Manowari iliyokutana na jahazi la watumwa likielekea Unguja haikuwa na haki ya kulishika, ikiwa nahodha ana hati zake. Ingepita pembeni tu. Wakubwa kwa watoto wengi walipita hivyo mbele ya macho ya mabaharia wa Kiingereza, na hakuna mzao wao aliyepata kuandika kitabu juu ya kuokolewa.

Mambo yalibadilika haraka baada ya 1870. Bunge la Uingereza liliunda kamati ya kuchunguza biashara hiyo mwaka 1871. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuharibu majahazi mengi bandarini, kikamdhoofisha kiuchumi Sultani Barghash bin Said. Mapema 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alifika Unguja na madai ya serikali yake. Barghash alikataa, na Frere akaondoka mikono mitupu. John Kirk, konseli wa Uingereza huko Unguja, ndiye aliyemlazimisha, kwa tishio la kuzingirwa kisiwa na manowari. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873: usafirishaji wa watumwa kwa bahari ukapigwa marufuku pote, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pa soko hilo wamisheni wa Kianglikana wakajenga Kanisa Kuu la Kristo.

Utumwa wenyewe haukukatazwa. Wafanyabiashara wakageukia nchi kavu, wakipitisha misafara kaskazini kwa kufuata pwani ya Mrima. Frederic Elton, afisa wa konseli aliyetumwa kuichunguza njia hiyo, aliona zaidi ya watu 4,000 wakipitishwa katika mwezi mmoja tu, kati ya Desemba 1873 na Januari 1874. Mwaka 1876 Barghash alitoa amri za kuizuia misafara hiyo pia. Bado mikarafuu ya Pemba, ambayo kimbunga hakikuiharibu sana, ilidai wafanyakazi, na majahazi yakawa yanavuka usiku, mengine yakipeperusha bendera ya Ufaransa ili yasipekuliwe. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London, iliyokuwa imetia nanga Unguja kama kituo cha doria, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lenye bendera hiyo.

Katika bahari ya namna hii ndimo lilimokamatwa jahazi la Mbotela. Kwa mtoto aliye ndani ya ngama, kukamatwa hakukuwa na sura ya ukombozi. Simulizi nyingi za waliookolewa zinataja kwamba mabaharia wa majahazi waliwatisha mateka kwa kuwaambia kwamba Wazungu hula watu. Petro Kilekwa, Mbisa aliyeokolewa upande wa Ghuba na baadaye akawa kasisi huko Nyasaland, aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1937, na habari zake za kutekwa, kuuzwa na kuokolewa zinakaribiana sana na za Mbotela, ingawa wawili hao hawakuwa na uhusiano. Mambo yanapofanana hivyo kwa watu waliotekwa mbalimbali, mtafiti ana sababu ya kuiamini kumbukumbu ya familia hata pale hati zinaponyamaza.

Hati nazo zipo, ila ziliandikwa kwa shughuli nyingine. Mabaharia wa manowari walilipwa tuzo kwa kila mtumwa waliyemkomboa au kwa ukubwa wa jahazi walilolikamata, kwa hiyo mahakama ya konseli Unguja ilihitaji hesabu sahihi ya vichwa. Kile kilichoandikwa ni jinsia, umri wa kukisia, kabila kadiri karani alivyosikia, na jina kadiri alivyoweza kuliendeleza. Baba na mama hawakuandikwa. Kijiji hakikuandikwa, wala jina la aliyeuza. Hayo yote yalibaki katika vichwa vya watoto wa miaka saba au kumi, na yaliyosalimika ni yale waliyoweza kuyashika.

Swali la pili lilikuwa wapelekwe wapi. Kuwarudisha bara kulimaanisha kutekwa tena njiani. Kabla ya 1873 walipelekwa Bombay, Aden, Shelisheli na Mauritius, na kuanzia 1873 baadhi yao, wengi wakiwa Wamakua, wakapelekwa Natal, ambako wazao wao mjini Durban wakaja kuitwa Wazanzibari. Waliofika Bombay waliweza kuingia shule ya wamisheni huko Nasik. Mmoja wao alikuwa Matthew Wellington, Myao ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe. Yeye alikuwa katika kundi lililotumwa kumfuata Livingstone mwaka 1872, na mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waliobeba maiti yake hadi pwani. Alikufa Mombasa mwaka 1935. Chengwimbe na Mbotela walitoka katika kabila moja na wote wawili waliokolewa baharini. Mmoja alikwenda India na kurudi, mwingine akafikishwa Mombasa moja kwa moja, na sababu ni kwamba baada ya mkataba wa 1873 kilikuwapo kijiji cha kumpokea.

Kijiji hicho, Freretown, kilianzishwa na shirika la wamisheni wa Kianglikana la CMS (Church Missionary Society). William Salter Price, aliyekuwa ameisimamia kazi ya Nasik, alifika Mombasa Novemba 1874, na ardhi ya Kisauni ikanunuliwa mwaka uliofuata. Jina likatokana na Bartle Frere. Msingi wa kazi, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kuwekwa na Waafrika waliorudi kutoka India. William Jones na Ishmael Semler, vijana wa Nasik, walikuwa Rabai, kituo cha CMS karibu na Mombasa, tangu 1864, wakati mmisheni Johannes Rebmann angali huko. Wao ndio waliojua Kiswahili na Kiingereza, waliofundisha, waliojenga, waliofua chuma, na walioweza kukaa na mtoto aliyetetemeka na kumweleza kwa lugha anayoijua kwamba hataliwa.

Maisha ya Freretown yalipangwa kwa saa. Kengele iliita watu kazini, shuleni, kanisani, na kwenye hatari. Watu wazima walipewa viwanja vya kulima na kujenga. Vijana walifundishwa useremala, uashi na kushona. Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengine walikaa nyumba kwa nyumba, wakaoana, na lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili. Majina ya ubatizo yalikuwa ya Kiingereza, na ukoo wa mtu uliweza kupotea humo kabisa. Kudumu kwa jina la Kiafrika kama Mbotela katika familia kwa vizazi vitatu si jambo dogo, maana mara nyingi jina lilikuwa mali pekee iliyovuka kutoka kwao.

Haifai kuipamba Freretown. Msimamizi wake, J. R. Streeter, alitawala kwa viboko na kifungo, na malalamiko yalipofika Uingereza uchunguzi ukafanywa mwaka 1881, naye akaondolewa. Watu waliokwisha kuhesabiwa mbele ya konseli kuwa huru walikuwa wakichapwa na wale waliowapokea. Uhuru wao ulikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alikuwa na fimbo. Mzao anayeandika maisha ya babu yake hana budi kuliweka hili ndani, kwa sababu lilikuwa sehemu ya siku za babu kama lilivyokuwa somo la kusoma na kuandika.

Hatari ya nje nayo haikukoma. Watumwa wa Mombasa, Malindi na mashamba ya jirani walikuwa wakitoroka na kukimbilia misheni, na mabwana zao waliona wanaibiwa mali. Mwaka 1880 vitisho vya kukiteketeza kijiji vilikuwa vikali. Watoro wengine walijenga miji yao wenyewe. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ilianzishwa na Wakristo wa Kigiriama na ikajaa watoro. Kiongozi wao David Koi alikamatwa na kuuawa mwaka 1883. Rabai nayo ikajaa watoro hata wamisheni wakashindwa kuwaficha. Mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa aliwalipa wenye watumwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru hapo Rabai.

Watu hao wanastahili nafasi kubwa kuliko waliyopewa. Habari za manowari na mabaharia zinavutia na zimesimuliwa mara nyingi. Mtu aliyetembea usiku kutoka shamba la Malindi hadi Fuladoyo hakuwa na manowari, wala hakuwa na konseli wa kumwandika. Alijikomboa. Ukiyaweka maisha ya Mbotela kando ya maisha ya watoro, inaonekana kwamba uhuru wa pwani uliletwa na mikono mingi, na mkono wa mtumwa mwenyewe haukuwa wa mwisho.

Waliokulia Freretown na Rabai, walioitwa Wamisheni, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa nchi ile kupata elimu ya shule. Jones na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huohuo Jones aliongozana na Hannington kuelekea Uganda, na askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarejesha waliobaki wa msafara hadi pwani. Ilipokuja Reli ya Uganda na serikali ya kikoloni, Wamisheni wakawa makarani, wakalimani, walimu na mafundi. Shule ya kuwafundisha wahudumu wa kanisa iliyoanzishwa Freretown mwaka 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Elimu hiyo haikuwapa mahali. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini serikali ya kikoloni iliwatawala Waafrika kwa kabila, kwa chifu na kwa ardhi iliyotengwa kila kabila. Wamisheni hawakuwa na ardhi ya namna hiyo. Hawakuwa Mijikenda waliowazunguka, hawakuwa Waislamu wa mjini, na nchi ya Wayao waliyotajwa kutoka kwake ilikuwa chini ya serikali nyingine tatu. Kisauni ndiko walikozaliwa, na hata huko walikuwa wageni wa shirika.

Hapo ndipo kitabu cha James Mbotela kinapopata uzito wake. Mwaka kilipotoka, 1934, ulikuwa umetimia miaka 100 tangu sheria ya Uingereza ya kuwaacha huru watumwa katika makoloni yake ianze kufanya kazi, na wasomaji wa kwanza waliokusudiwa walikuwa wanafunzi na waumini. Kitabu kinawashukuru Waingereza kwa wingi na kinawalaumu Waarabu kwa wingi. Baada ya uhuru wa nchi za Afrika Mashariki lawama zikakirudia: kwamba kimeyafunika makosa ya mkoloni, na kwamba kinachochea chuki kati ya watu wa pwani. Lawama hizo zina haki yake. Biashara ile iliwahusisha machifu wa bara, wapagazi, Waswahili, Waarabu, na wenye fedha wa Kihindi, na soko la pembe lilikuwa Ulaya na Marekani. Lakini shukrani ya mwana kwa manowari iliyomtoa baba yake baharini haihitaji kuombewa radhi. Bila jahazi lile kusimamishwa, huyo mwandishi asingezaliwa.

Ni vizuri pia kukisoma pamoja na kitabu kingine cha maisha kilichotangulia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alimwandikia Mjerumani Heinrich Brode maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip anataja hesabu za pembe, majina ya machifu aliowashinda, madeni na faida. Wale waliobebeshwa pembe hizo hawana majina. Kwa miaka 30 hivi, msomaji wa Kiswahili aliyetaka kitabu cha maisha ya karne ile alikuwa na sauti ya mfanyabiashara. Uhuru wa Watumwa ulileta sauti ya upande wa pili, ingawa kwa kinywa cha mwana, na kwa ajili hiyo peke yake ungestahili kubaki rafuni.

Familia inayotaka kufanya kazi kama ya Mbotela leo ina vifaa zaidi ya alivyokuwa navyo yeye. Ripoti za konseli wa Unguja, kumbukumbu za manowari na barua za wamisheni wa CMS zimehifadhiwa Uingereza. Nyaraka za serikali ya sultani na za konseli zipo pia Zanzibar. Kazi ni kuzilinganisha na yale yaliyosimuliwa nyumbani, kila upande ukirekebisha mwingine. Nyumbani watasema babu aliokolewa "na Malkia". Hati zitasema ni manowari gani na mwezi gani. Hati zitaandika "Mnyasa" kwa kila aliyetoka upande wa ziwa; nyumbani utabaki wimbo, jina la mto, au mwiko wa chakula unaomwelekeza mtafiti kwenye ukoo wenyewe.

Katika familia ya Mbotela simulizi halikuishia kwenye kitabu. Leonard Mambo Mbotela, mwana wa James, alizaliwa Freretown mwaka 1940, akawa mtangazaji wa redio aliyejulikana Kenya nzima kwa kipindi chake Je, Huu ni Ungwana?, na mara nyingi alieleza hadharani kwamba babu yake alikuwa mtumwa wa Kiyao aliyefikishwa Mombasa kwa njia ya bahari. Alifariki Februari 2025. Kengele ya Freretown ingali juu ya mnara wake Kisauni, na mtaa unaoizunguka unaitwa Kengeleni. Wengi wanaoshuka matatu hapo hutoka makabila ya Kenya nzima. Walio wazao wa Wamisheni wanaendelea kuzikwa, kuoa na kusali karibu na kanisa la Emmanuel, ambalo babu zao walilijenga katika miaka ya 1880.